Maji Yanapopita Ndani ya Mnara

Mnara wa kuoshea hewa chafu, ukiutazama kwa nje, haukuambii kitu. Ni pipa refu la plastiki au chuma. Juu linaingia bomba la maji, chini linatoka jingine, na feni inasukuma hewa kutoka chini kwenda juu. Tumbo lake limejaa vijazo, yaani vipande vidogo vya plastiki, kauri au chuma vilivyomwagwa humo kwa maelfu, ili maji yakishuka yatandae juu yake na hewa ikipanda ikutane nayo. Kazi yote inafanyika humo gizani. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya uhandisi hapa Dar es Salaam, na kwa muda mrefu sasa nimekuwa nikitafuta namna ya kuona kinachotokea humo.

Kilichotuingiza kwenye kazi hii ni malalamiko yaliyohusu kiwanda kimoja cha hapa mjini kinachopaka vyuma zinki. Kabla chuma hakijachovywa kwenye zinki iliyoyeyushwa, huoshwa kwa asidi ya hidrokloriki ili kutu itoke, na mvuke wa asidi hiyo lazima unyonywe na kuoshwa kabla haujaachiwa nje. Mnara walikuwa nao, tena si wa zamani. Lakini vijana wanaofanya kazi kwenye mabwawa ya asidi walikuwa wanakohoa, na mama mmoja anayeuza chakula nje ya ukuta alikuwa anatokwa machozi upepo ukigeukia kwake. "Mwanangu, huo moshi wenu unauma," aliniambia nilipokwenda kunywa chai, akidhani mimi ni wa kiwandani. Maneno yale yalinikaa kuliko ripoti yoyote niliyowahi kusoma.

Mhandisi wa zamu alikuwa na hakika na mnara wake. Pampu nzima, mita inasoma vizuri, maji yanayoingia juu ndiyo hayohayo yanayotoka chini. Uongozi ulikuwa unafikiria kuongeza urefu wa vijazo, kazi ya gharama kubwa, kwa imani kwamba mnara ukiwa mrefu hewa itaoshwa zaidi.

Hapa kuna hesabu ndogo ambayo ningependa kila anayehusika na minara hii aijue. Tuseme sehemu fulani ya mnara ni kavu, na asilimia 5 ya hewa inapanda kupitia hapo bila kuguswa na maji. Hata kama hewa nyingine yote itaoshwa ikawa safi kabisa, asilimia 5 ya asidi bado itatoka juu. Ongeza urefu mara mbili. Ikiwa ile njia kavu inaendelea mpaka kileleni, asilimia 5 yako iko palepale. Tena hewa hupita kwa urahisi zaidi pale ambapo hakuna maji ya kuizuia, kwa hiyo sehemu kavu hujichukulia hewa nyingi kuliko eneo lake. Ile mita ya maji iliyomridhisha mhandisi inapima jumla. Haijui maji yamepita wapi.

Ili kuona ndani kwa eksirei, tulijenga mnara mdogo kwa bomba la akriliki, plastiki inayoangaza kama kioo, lenye kipenyo cha sentimita 15, tukalijaza pete za plastiki za milimita 10. Vipimo hivyo tulivichagua kwa sababu. Kanuni ya fani yetu inataka kipenyo cha mnara kiwe angalau mara 8 hadi 10 ya ukubwa wa kijazo, kwa kuwa karibu na ukuta vijazo havishikani vizuri na uwazi pale ni mkubwa kuliko katikati. Ukiweka vijazo vikubwa kwenye bomba jembamba utakuwa unasoma tabia za ukuta, si za mnara. Pete hizi ni ukoo wa ile pete ya kauri iliyoletwa na Mjerumani Fritz Raschig mwanzoni mwa karne ya 20. Kabla yake viwanda vilijaza minara kwa mawe yaliyovunjwa na makaa ya koki. Uzuri wa pete ni kwamba zinabeba uso mkubwa bila kuziba njia. Zile za kisasa za plastiki za milimita 25 huacha karibu asilimia 90 ya mnara wazi, na bado hutoa mita za mraba 200 hivi za uso katika kila mita moja ya ujazo.

Wanafunzi waliniuliza swali la haki kabisa: "Dada, si akriliki inaonyesha ndani? Eksirei ya nini?" Akriliki inaonyesha safu ya kwanza ya pete, ile inayogusa ukuta, na hapo ndipo maji hupenda kukimbilia. Kwa hiyo ukisimama nje unaona maji kila mahali na unaridhika. Hata mkaguzi mwenye macho makali atadanganyika, maana sehemu anayoiona ndiyo iliyolowa kuliko zote.

Mashine ya eksirei hatukuwa nayo. Tulishirikiana na watu wanaokagua maungio ya kuchomelea kwenye mabomba, ambao wana mashine za kubebeka na mahali palipotengwa kwa kazi hiyo. Mtaalamu wao mkuu tulimwita Mzee, na hakuwa mtu wa kuharakishwa. Siku ya kwanza, baada ya shikamoo na marahaba, aliniambia: "Binti, kwanza karatasi, halafu kamba, swichi ni mwisho." Karatasi ni kibali. Hapa nchini vyanzo vyote vya mionzi vinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 2003, na kutumia mashine ya kukagulia chuma kupiga picha mnara wa maji ni matumizi mengine yanayotaka maelezo yake. Kamba ni ile ya kuzungushia eneo ili mtu asikatize. Kiwango cha kimataifa kwa mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisiveti (kipimo cha mionzi inayoupata mwili) 20 kwa mwaka, na kwa mwananchi wa kawaida ni 1 tu. Mwanafunzi anayepita na simu yake mkononi ni mwananchi wa kawaida. Mzee alitufundisha kutegemea umbali kabla ya kutegemea madini ya risasi. Ukiongeza umbali wako kutoka kwenye chanzo mara mbili, mionzi inayokufikia inabaki robo. Umbali haununuliwi.

Tangu Wilhelm Röntgen alipoigundua kule Würzburg tarehe 8 Novemba 1895, watu wengi huijua eksirei kwa ajili ya mifupa. Mfupa unaonekana vizuri kwa sababu una kalsiamu na ni mnene. Maji yaliyotandaa kwenye plastiki ni habari nyingine. Kwa mionzi ya nguvu ya kiloelektronivolti 60, unahitaji maji yenye unene wa karibu sentimita 3 na nusu ili nusu ya mionzi ifyonzwe. Utando wa maji wenye unene wa nusu milimita unaipunguza kwa takriban asilimia 1 tu. Ukiwa na umeme wetu, ambao volti zake hupanda na kushuka jioni watu wakiwasha feni na majiko, asilimia 1 inapotea bila wewe kujua.

Dawa yake ni kuyatia maji kitu kinachofyonza mionzi zaidi. Tulitumia iodidi ya potasiamu, chumvi yenye iodini ndani yake. Iodini ina sifa moja nzuri sana: mionzi ikivuka kiloelektronivolti 33.2, uwezo wake wa kuifyonza unaruka ghafla. Ukipanga mashine itoe mionzi mingi iliyo juu kidogo ya hapo, maji yenye iodidi yanajitokeza na plastiki inabaki hafifu. Tuliweka na bamba jembamba la shaba mbele ya dirisha la mashine ili kuondoa mionzi dhaifu, ambayo ingefyonzwa mapema na kufanya unene usomeke vibaya. Kiasi cha iodidi tulikiweka kidogo, na kabla ya kukitumia tulipima mnato na uzito wa maji yale, kwa sababu maji yanayotiririka tofauti na maji ya kawaida yangetupa majibu ya swali ambalo hatukuuliza. Iodidi ni ghali, basi tuliizungusha kwenye tangi lililofunikwa. Ikiachwa wazi kwenye hewa na mwanga inaanza kugeuka njano.

Picha moja ya eksirei haisemi kitu peke yake. Inakuonyesha kivuli cha kila kilichomo njiani: ukuta wa mbele, pete, maji, ukuta wa nyuma. Unapiga kwanza mnara mkavu, halafu uleule ukiwa unatiririka, unatafuta logarithimu za picha zote mbili na kutoa moja kwa nyingine. Kinachobaki ni maji. Ili hesabu hiyo ikubali, pete hata moja isisogee kati ya picha mbili. Tuliufunga mnara kwenye fremu ya chuma iliyopigwa bolti sakafuni, na pampu tukaiweka mbali kwa mpira laini ili mtetemo wake usifike.

Kitu ninachokipenda zaidi katika mpangilio ule ni kidogo na hakina gharama. Ni kipande cha alumini kilichochongwa ngazi-ngazi, kila ngazi nene kuliko iliyotangulia, na pembeni yake mabomba machache ya sindano yaliyojazwa maji yaleyale ya iodidi kwa vipenyo tofauti. Vyote vilibandikwa kando ya mnara, ndani ya kila picha. Volti zikicheza, ngazi za alumini zinabadilika rangi pamoja na mnara, na unajua ni kiasi gani cha kusahihisha. Mabomba ya sindano yanakuambia weusi au weupe fulani kwenye kompyuta ni milimita ngapi za maji. Bila hivyo ungekuwa na picha ya kupendeza isiyo na kipimo. Mwanafunzi yeyote anayekuja kwangu sasa, ngazi ya alumini ndiyo kitu cha kwanza ninachomkabidhi.

Tulianza na maji yanayoingia kwa mrija mmoja katikati. Juu, mkondo unabaki mwembamba. Ukishuka kidogo unatawanyika, na hapo mtu hufurahi. Lakini kuanzia katikati ya mnara kingo mbili za picha zinaanza kung'aa kuliko katikati. Pale mionzi inapita kimshazari ndani ya maji yanayoambaa ukutani, hivyo inakutana na maji mengi. Kadiri unavyoshuka, kingo zinazidi kung'aa na kifua cha mnara kinafifia. Maji yaliyofika ukutani hayarudi kirahisi. Ndiyo maana minara mirefu huwekewa visambazaji vya pili njiani, vya kuyakusanya maji ya ukutani na kuyarudisha katikati. Kwa pete za Raschig hushauriwa kila baada ya urefu wa kama vipenyo 3 vya mnara, na kwa pete za kisasa kati ya 5 na 10.

Kisha tukaweka washa moja, kile kibati cha duara kinachokaa chini ya nati, chini ya mguu mmoja wa fremu. Mwinamo huo huuoni kwa macho. Kwenye picha, maji yalihamia upande wa chini na upande wa pili ukabaki na michirizi michache. Nilimpigia simu mhandisi wa kiwandani nikamwomba aende na pimamaji, ileile ya fundi mwashi, aiweke kwenye mnara wake. Msingi ulikuwa umetitia upande mmoja.

Jambo lililonifundisha kuliko yote, hata hivyo, lilihusu hali ya mnara kabla ya picha kupigwa. Mnara uleule, pete zilezile, pampu imewekwa kiwango kilekile. Mara moja tuliuanzisha ukiwa mkavu, tukafungua maji polepole mpaka kiwango kinachotakiwa. Mara nyingine tuliujaza maji mpaka ukafurika, tukayaachia, ndipo tukaweka kiwango kilekile. Picha mbili hazikufanana hata kidogo. Ule ulioanza mkavu ulikuwa na mikondo minene michache, na baina yake pete kavu kabisa. Ule uliofurika kwanza ulikuwa na maji yaliyotandaa karibu kila mahali. Na haikuwa hali ya kupita: tuliuacha ule wa kwanza ukiendelea kutiririka mchana kutwa na mikondo haikuhama.

Ni kama mvua za masika kwenye kilima: maji ya leo yanaufuata mfereji uliochimbwa na maji ya jana. Juu ya uso uliolowa maji yanateleza na kutandaa. Juu ya uso mkavu yanajikunja na kutafuta penye njia. Plastiki mpya ndiyo mbaya zaidi kwa hilo, kwani polipropilini, ambayo ni aina ya plastiki, kwa asili yake haipendi maji. Fani yetu inalijua jambo hili tangu miongo mingi na liko vitabuni. Lakini kulisoma ni kitu kimoja, na kuona mita ya pampu inasoma namba ileile huku skrini ina picha mbili zisizofanana ni kitu kingine. Kuanzia siku ile siandiki tena matokeo ya mnara bila kuandika ulianzishwaje.

Nilipomuuliza mhandisi kuhusu hilo, jibu lake lilieleza mambo mengi kwa mpigo. Kiwandani walizima pampu kila jioni kuokoa umeme, na asubuhi walifungua valvu taratibu, kwa nia njema kabisa, ili wasiishtue pampu. Maji yao yalikuwa ya kisima, mazito kwa chumvi kama visima vingi vya huku pwani, na ndani yake walitia kostiki soda ili kuua asidi. Maji magumu yakikutana na kostiki huacha ukoko mweupe. Kwa hiyo kila usiku mnara ulikauka, kila asubuhi maji yalishika njia zilezile, na ukoko ukazijengea njia hizo kingo.

Alikuja kuona picha mwenyewe. Alisimama mbele ya skrini muda mrefu, akaniomba nimrudishie ile ya mnara mkavu, halafu ile iliyofurika. "Dada, kumbe maji yapo ila hayapo," alisema. Sijapata maelezo mafupi zaidi ya tatizo lile.

Kuna mambo ambayo vifaa vyetu haviwezi. Kila picha yetu ilichukua sekunde kadhaa, kwa hiyo ni wastani. Tone linaloruka kutoka pete moja kwenda nyingine halionekani. Kule kituo cha utafiti cha Dresden-Rossendorf, Ujerumani, wana mashine ya eksirei inayoelekeza mwale wa elektroni kwa sumaku badala ya kuzungusha chuma, na inachukua hadi picha 8,000 za mkato kwa sekunde. Wao wanaona mawimbi ya maji yakipita. Sisi tunaona njia zake, na kwa maswali ya kiwanda kile njia zilitosha.

Watu huniuliza pia kwa nini hatukwenda hospitali kutumia siti skani, ile mashine ya eksirei inayopiga picha za mkato. Siti skani ina nasaba ya huku Afrika ambayo wengi hawaijui: Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, alianza kulifikiria tatizo lake la hesabu akiwa katika hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, mwaka 1956, na mwaka 1979 akagawana Tuzo ya Nobeli na Mwingereza Godfrey Hounsfield. Lakini ya hospitali imejengwa kwa mtu aliyelala. Mnara ukiulaza maji hayashuki. Na zaidi ya hapo, siwezi kuomba mashine ambayo kuna mgonjwa anaisubiri kwenye benchi.

Kiwanda kilikubali kuufungua mnara kabla ya kununua chochote. Nilikuwepo. Vijana walitoa vijazo kwa ndoo, nami nikaviangalia kimoja kimoja kutoka kila kina. Vya ukutani upande ulioinama vilikuwa vimefunikwa ukoko mpaka matundu yameziba. Vya katikati, upande wa juu wa mwinamo, vilikuwa na vumbi. Vumbi, ndani ya mnara wa maji uliofanya kazi siku hiyohiyo. Mhandisi alichukua pete moja akaisugua kwa kidole gumba, akaitia mfukoni.

Urefu wa vijazo haukuongezwa. Waliweka msingi sawa, wakaondoa ile nozeli moja iliyokuwa ikirusha maji ukutani na kuweka sahani yenye matundu mengi. Wahandisi wengi hutaka matundu 60 hadi 100 kwa kila mita ya mraba. Wakaongeza kisambazaji cha pili katikati, na kila asubuhi sasa pampu inafunguliwa kwa nguvu zote kwa dakika chache kabla ya kushushwa kwenye kiwango cha kazi. Asidi inayotoka juu ilishuka, tuliipima wenyewe kwa kuipitisha kwenye chupa za kostiki na kutitreti, yaani kudondoshea kemikali ya kipimo mpaka ijulikane asidi ilikuwa kiasi gani. Suala la maji ya kisima bado, maana kuyalainisha kuna gharama na mazungumzo yanaendelea. Nimewaambia wazi kwamba yasipolainishwa ukoko utarudi.

Kwa sasa kwenye fremu ileile tumefunga safu ya kaboni iliyotengenezwa kwa vifuu vya nazi, ya kuchuja maji ya visima vya majumbani. Chembe zake ni ndogo na zote zimezama majini, kwa hiyo hakuna utando wa kutafuta; tunataka kupitisha iodidi kwa mkupuo mmoja na kuifuata inavyoshuka, kuona kama ukingo wake wa mbele unashuka sawasawa au kuna upande unaotangulia. Shida ni kwamba kaboni hufyonza iodini, na iodini hutumika hata kupimia ubora wa kaboni yenyewe. Iodidi hufyonzwa kidogo kuliko iodini, lakini maji yetu yakiwa yameanza kuwa njano maana yake iodini imo. Basi kwanza tunatikisa kaboni na maji yale kwenye chupa, tunapima kiasi kinachobaki majini, na Mzee ameshaambiwa asilete mashine mpaka tupate jibu hilo.